Kisomali cha Mpakani: Sikio Kwanza, Kalamu Baadaye

Msomaji aliyewahi kufika Malaba au Busia anajua kuwa pale mpakani riziki ya watu imo katika karatasi. Lori likitoka bandarini Mombasa hukata zaidi ya kilomita 900 mpaka lango la Malaba, na likifika haliulizwi limebeba nini kabla halijaulizwa karatasi zake. Hati ya mzigo, hati ya gari, kitambulisho cha dereva, stakabadhi ya ushuru: yote hayo sharti yaandikwe, yasomwe, yapigwe mhuri. Herufi moja ikikosekana katika jina, dereva atalala chini ya lori lake akingoja isahihishwe.

Lugha zinazosikika pale ni nyingi. Wapo Wateso, ambao mpaka umewapitia katikati wakawa ndugu wa nchi mbili. Wapo Wasamia na Wakhayo upande wa Busia. Wapo wafanyabiashara waliotoka Kampala na waliotoka Nairobi, na juu ya wote hao Kiswahili kimetandikwa kama mkeka wa wageni. Na miongoni mwa wenye malori, madereva, wauza tairi na wenye hoteli za wasafiri, wamo Wasomali. Wengi wao ni Wakenya waliozaliwa Garissa, Wajir, Isiolo au mtaa wa Eastleigh mjini Nairobi. Wengine walivuka kutoka Somalia baada ya serikali ya huko kuanguka mwaka 1991.

Lugha ya watu hawa utaisikia Malaba usiku na mchana, lakini kuiona imeandikwa ni nadra. Karatasi za forodha ni za Kiingereza, mabango ni ya Kiswahili na Kiingereza, na watoto shuleni hufanya mtihani wa lugha hizo hizo mbili. Kisomali kimebakia na makao mawili tu ya maandishi: vibao vya vyakula hotelini, na ujumbe wa simu za mkononi. Na humo, ama kwa hakika, kila mtu huandika apendavyo.

Mimi si Msomali. Kisomali changu ni cha kujifunza: nilianza kwa jirani zangu Mombasa, nikaendelea kwa vitabu. Lakini mtu aliyekulia chuoni akimsoma Mungu kwa herufi za Kiarabu, kisha akaishi kwa kalamu ya herufi za Kizungu, hana budi kuvutiwa na taabu ya wenzake waliopita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana nilipofika Malaba kwa shughuli nyingine za gazeti, jicho langu lilikwenda kwenye kibao cha hoteli moja ndogo kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: SOO GAAL.

Mwandishi wa kibao alitaka kusema "soo gal", maana yake "ingia ndani". Lakini "gal" ni kuingia, na "gaal" ni kafiri. Irabu moja iliyoongezwa imemgeuza mgeni kutoka mwenye kukaribishwa akawa mwenye kutukanwa mlangoni! Wenye kujua hucheka, wakaingia wakanywa chai yao. Lakini si kila kosa la namna hii huishia katika kicheko.

NENO LILILOZUIA LORI

Mwenye hoteli, mtu wa makamo aliyekulia Eastleigh, alinisimulia kisa chake mwenyewe. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, nduguye aliyekuwa na lori njia ya Garissa alimpelekea ujumbe wa maneno mawili: "dad badan". Kwa Kisomali "dad" ni watu, na "badan" ni wengi. Yeye huku Malaba akafahamu kuwa soko limejaa watu, akaamuru lori la pili liondoke upesi na shehena yake. Kumbe nduguye alikusudia "daad", yaani mafuriko. Lori la pili likafika mahala ambapo barabara imemezwa na maji, likakaa siku tisa, na nusu ya shehena ikaharibika.

"Sikumlaumu ndugu yangu, mzee," aliniambia. "Yeye kaandika kama alivyofundishwa kuandika Kiswahili. Na mimi nimesoma vivyo hivyo."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Wasomali waliosoma Kenya wanasema Kisomali safi, lakini wanakiandika kwa sikio la Kiswahili au kwa jicho la Kiingereza. Kiswahili chetu hakina mzani wa irabu fupi na ndefu kama huo. Gari letu ni "gari", na wao husema "gaari" kwa kuvuta. Mtoto aliyezoea kuandika "gari" darasani ataandika hivyo hivyo katika Kisomali, na hatajua ni kwa nini nyanyake anaunga maneno kwa shida.

Na nyanya ndiye hasa mwenye kesi hii. Mamake yule mwenye hoteli yuko Kismayu. Wajukuu wake walio Malaba humpigia simu, lakini mtandao ukiwa mbaya huandikiana. Bibi huyo anaandika Kisomali kilichonyooka, kila irabu mahala pake. Wajukuu humjibu kwa maandishi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, inambidi ayasome kwa sauti kubwa kama mtu anayesikiza redio mbovu. Wengi wetu tumezoea kuona kijana akimsomea mzee barua. Hapa mzee ndiye msomi, na vijana waliopita sekondari ndio wanaobabaika. Ilikuwaje?

JINSI HERUFI ZILIVYOKUJA

Kwa miaka mingi Wasomali walikuwa na mashairi mengi kuliko karatasi. Masheikh wao waliandika Kisomali kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika tenzi. Mnamo mwaka 1920 hivi Osman Yusuf Kenadid alibuni herufi mpya kabisa, zikaitwa Cismaaniya kwa jina lake. Mwaka 1933 Sheikh Abdurahman Sheikh Nur alibuni nyingine huko Borama. Wakatokea na wengine, kila mmoja na herufi zake, na kila herufi ikawa na watu wake.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mjadala uliwaka. Wako waliosema Mwislamu aandike kwa herufi za Kurani. Wako waliosema Msomali aandike kwa herufi alizozizaa Msomali. Na waliotaka herufi za Kilatini walirushiwa kijembe ambacho mtu yeyote wa chuo atakifahamu: "Laatiin waa laa diin", yaani Kilatini ni kutokuwa na dini. Mchezo wa maneno huo ulikuwa mtamu, ukachelewesha uamuzi kwa miaka kumi na zaidi.

Hatimaye tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Siad Barre ilitangaza kuwa Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa utaratibu uliotengenezwa na Shire Jaamac Axmed. Januari 1973 gazeti la Xiddigta Oktoobar likaanza kutoka kwa herufi hizo. Mwaka 1974 shule zikafungwa na maelfu ya wanafunzi wakapelekwa mashambani na malishoni kuwafundisha wafugaji kusoma. Wito wao ulikuwa kwamba anayejua afundishe na asiyejua ajifunze. Kwa Kisomali maneno hayo mawili yanapishana kwa irabu moja ya mwisho tu: "bar" ni fundisha, "baro" ni jifunze. Yule bibi wa Kismayu alikuwa mtoto wa kike katika kambi ya wafugaji wakati huo. Akafundishwa chini ya mti na mwanafunzi wa mjini, na alichofundishwa hakijamtoka mpaka leo.

Wanawe na wajukuu wake waliokulia Kenya hawakupata mti huo. Na baada ya 1991, shule za Somalia zilipovunjika, hata waliobaki nyumbani wengi wao hawakuupata.

MASHEIKH WALISHINDWA, LAKINI CHUO HAKIKUSHINDWA

Sasa nataka msomaji atazame jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Mtoto wa Kiingereza husoma a, be, che. Lakini herufi za Kisomali, zilizoitwa za makafiri, hazikupangwa hivyo. Konsonanti zake, ambazo ni 22 ukihesabu hamza, zinakwenda hivi: hamza, b, t, j, x, kh, d, r, s, sh, dh, c, g, f, q, k, l, m, n, w, h, y. Zisome tena polepole, wewe uliyekaa chuoni. Alifu, be, te, jimu, ha, kha, dali... Ni mpango ule ule wa ubao wetu! Zile sauti za Kiarabu ambazo Kisomali hakina zimeachwa, na irabu tano zimewekwa mwisho.

Hizi "x" na "c" zinazowashangaza watu nazo ni za chuoni. "X" ni ile ha ya kooni, ya Rahmani. "H" ni ile nyepesi, ya hilali. "C" ni aini. Kwa hiyo Hasan huandikwa Xasan, Ali huandikwa Cali, Abdi huwa Cabdi, Muhammad huwa Maxamed, na Aisha huwa Caasha. Ile anjera ya hotelini, kwa Kisomali ni "canjeero", kwa kuwa Msomali huianza na aini. Waliochagua alama hizo hawakuwa na wazimu. Walizikuta herufi mbili za Kilatini zisizo na kazi, wakazipa kazi.

Si hayo tu. Irabu ndefu ya Kisomali huandikwa mara mbili: aa, ee, ii, oo, uu. Huu ni nini kama si madda? Sisi tulifundishwa kwa kidole: fupi ni harakati moja, madda ya asili ni harakati mbili. Konsonanti ikikazwa nayo huandikwa mara mbili, na hiyo ni shadda. Dereva wa Malaba ajue kuwa "wado" ni endesha au endelea, lakini "waddo" ni barabara. Tofauti ni shadda moja.

Basi nilimwita binti wa yule mwenye hoteli, mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu ambaye jioni huenda dugsi, ndivyo wanavyokiita chuo. Nikamwambia asome aya fupi aliyohifadhi. Akasoma vizuri mno, kila madda na haki yake, kila shadda na uzito wake. Nikamwuliza, "Mwanangu, ungeifupisha hiyo madda, ustadhi wako angesema nini?"

"Angenirudisha mwanzo, adeer," akajibu. Adeer ni ami, ndivyo mtoto wa Kisomali amwitavyo mtu wa rika la babake.

"Na ukimwandikia ayeeyo Kismayu, nani hukurudisha mwanzo?"

Akacheka. Kisha akachukua daftari akaandika "dad", akagonga meza mara moja. Akaandika "daad", akagonga mara mbili. Hakuhitaji darasa jingine kuhusu irabu. Sikio lilikuwa limekwisha kufundishwa tangu alipokuwa na miaka mitano. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa sikio lile lile linafaa pia kwa lugha ya mama yake.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa Wasomali wa ughaibuni wote, wawe Malaba, London au Minneapolis. Mtu akitaka kusahihisha maandishi yake asikimbilie kukariri sura za maneno kama anavyokariri Kiingereza. Kiingereza hukaririwa kwa kuwa herufi zake na sauti zake ziliachana zamani. Kisomali kiliandikwa juzi, na watu waliokiandika walisikiza kwanza.

USHAIRI NAO NI SHAHIDI

Mshairi hawezi kuliacha hili bila kusema la ushairi. Sisi hupima mizani kwa kuhesabu silabi, nane kwa nane. Wasomali hawahesabu hivyo. Katika miaka ya 1970 Maxamed Xaashi Dhamac, aitwaye Gaarriye, na Cabdillaahi Diiriye Guuleed, walieleza kwa maandishi siri ambayo malenga wao walikuwa wakiifuata bila kuitaja: mizani ya Kisomali hupimwa kwa urefu wa irabu. Fupi ni moja, ndefu ni mbili. Anayeandika "dad" mahali pa "daad" amevunja maana na amevunja shairi pia.

Tena katika gabay, shairi lao kuu, kila mstari sharti uwe na neno linaloanza kwa sauti moja, tangu mwanzo hata mwisho. Aliyechagua "x" hataingiza "h" hata kwa bahati mbaya, msikilizaji atamzomea. Maadamu mfugaji asiyejua kusoma aliweza kutenganisha sauti hizo, mwanafunzi wa sekondari atashindwaje? Ukitaka kupima tahajia yako, chukua shairi unalolijua kwa moyo, liandike, kisha liangalie: mistari itakuonyesha mwenyewe ilipopinda.

PA KUWA NA HADHARI

Yako mambo ambayo chuo hakikufundishi. La kwanza, "dh" ya Kisomali si ile ya dhahabu. Ni d nzito ambayo ncha ya ulimi hujikunja nyuma, kama katika "dhul", yaani ardhi. La pili, Kisomali hakina p, wala v, wala z. Pasipoti wao huiita "baasaboor", polisi ni "boolis", na Zainabu huwa Saynab. La tatu ni maneno yanayobadilika yakiungana. "Bad" ni bahari, lakini ile bahari ni "badda". "Buug" ni kitabu, na kile kitabu ni "buugga". "Meel" ni mahali, ukitarajia "meelta" utakosea, kwani l na t zikikutana huzaa sh: "meesha". Hapa pia ulimi unajua. Mtoto hasemi "meelta" hata siku moja. Aandike anavyosema.

La nne, lahaja. Wengine husema "gabadh" na wengine "gabar", na wote wanamtaja msichana. Wasemao Maay, kusini, wana lugha iliyo mbali zaidi na hii ya vitabu. Mtu asione haya kwa lahaja yake, bali ashike njia moja katika barua moja. Kwa maneno ya shaka ziko kamusi. Yasin Osman Kenadid alitoa Qaamuuska Af-Soomaaliga mwaka 1976. Ni mtoto wa yule yule aliyebuni Cismaaniya. Baba alipigania herufi zake, na mwana akaitumikia lugha kwa herufi zilizoshinda. Kamusi nyingine kubwa, ya Annarita Puglielli na Cabdalla Cumar Mansuur, ilitoka Roma mwaka 2012.

La tano ni la watu wa mpakani hasa. Majina ya kwenye karatasi za serikali yaachwe yalivyo! Kama kitambulisho kinasema Hassan, hati ya mzigo nayo iseme Hassan. Nimemwona dereva aliyebeba barua ya tajiri wake yenye jina Xasan, na karani aliyeisoma akatafuta "Eksasani" katika orodha mpaka adhuhuri. Xasan ni wa barua ya nyumbani, Hassan ni wa forodhani. Mtu mmoja anaweza kuvaa kanzu na suruali, kila moja kwa mahala pake.

Wala mtu asidai kuwa herufi zisikie kila kitu. Kisomali "inan" ni mvulana na "inan" ni msichana. Sauti hupanda mahali tofauti, lakini maandishi ni mamoja. Sisi watu wa Mvita tuna paa wa porini, mwenye pumzi, na paa la nyumba, lisilo na pumzi, na tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, wote wawili huandikwa sawasawa. Tumeishi nao. Wazee wetu nao waliandika tenzi kwa herufi ambazo b na p zilifanana, wakasomana. Lakini palipo na alama, kuiacha ni uvivu, si dhiki. Msomali amepewa alama ya urefu. Sisi hatukupewa alama ya pumzi.

Kwa mwenye kutaka kuanza leo, dawa si ghali. Sikiza habari za Kisomali redioni, andika sentensi tatu, kisha mpe mzee anayejua kusoma akusahihishe. Gonga meza kwa kila irabu. Soma ulichoandika kwa sauti kabla ya kukipeleka. Na kama una mama au nyanya aliyefundishwa chini ya mti mwaka ule wa 1974, usimpelekee sauti tu. Mwandikie, umwombe akurudishie na makosa yameonyeshwa. Walimu wa namna hiyo hawatakuwapo daima. Wao ndio chuo cha mwisho cha herufi hizi kilichobaki katika nyumba nyingi, na kila mwaka mlango mmoja unafungwa.

Ile "SOO GAAL" imefutwa irabu moja na binti kwa kitambaa cha mafuta ya taa, babake akimshikia ngazi. Nami nawaachia wanafunzi wote wa hijai beti hii:

Neno lina yake pima, na sauti ina haki,
Ukilipunja kwa hima, maana haitabaki,
Sikiza kabla kusoma, sauti haipotoki,
Sikio likihakiki, kalamu yake hufata.